Mikanda Minne ya Bwana Sabiri

Waliofika wa kwanza walimhesabu marehemu. Mama mmoja muuza vitumbua alivua kanga yake ya juu akamfunika Miraji kuanzia utosini mpaka magotini. Mtu akasema, "Inna lillahi." Mwingine akaanza kuuliza nani ana moyo wa kwenda Nguvumali kumpa mama yake habari.

Ndipo kanga ilipokohoa.

"Ala! Mzima huyu!"

Kwa hiyo Inspekta Mwamvua Hamadi alipofika Raskazone, saa tatu na nusu asubuhi, maiti aliyoitiwa haikuwapo. Ilikuwapo kanga yenye damu. Lilikuwapo gari kuukuu la rangi ya maziwa, limekita tako lake kwenye ukuta wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Lilikuwapo tela tupu, limesimama katikati ya mteremko wa lango, nyuma ya pikapu iliyolivuta. Na mbele ya tela ilining'inia mikanda miwili ya buluu, imekatika, kama ndimi za mbwa waliochoka kukimbia.

Mambo yalisomeka kwa macho tu. Pikapu ilikuwa ikipanda mteremko wa lango. Gari lililobebwa halikuwa na injini wala breki ya mkono. Likataka kurudi nyuma. Cha kulizuia ni mikanda ya mbele. Mikanda ya mbele ikakatika. Gari likaserereka, likashuka kwenye tela, likamkuta Miraji, utingo, amesimama nyuma akimwelekeza dereva wake kwa mkono.

"Mguu umevunjika mara mbili, afande," Koplo Yona alisema. "Na kichwa kimegonga ukuta. Wamemkimbiza hospitali. Anapumua, hasemi."

"Dereva?"

Yona alionyesha kwa kidevu. Dereva, Godlisten, mtu wa kutoka milimani mwenye mabega ya kujaza mlango, alikuwa amekaa chini kwenye changarawe, mikono ameinyoosha mbele.

"Nifungeni," alisema.

"Sijakuuliza kitu bado."

"Nakurahisishia, afande. Nilifunga vibaya. Kosa langu peke yangu."

Mwamvua alikuwa kazini miaka ishirini na miwili. Alijua kwamba anayekiri kabla ya kuulizwa, ama hana akili timamu, ama anamkinga mtu aliye nyuma ya mgongo wake. Na Godlisten akili alikuwa nazo.

Nyuma yake Mwamvua alisikia sauti ya Yona imebadilika.

"Mzee, hicho ni kielelezo. Weka chini."

Bwana Sabiri, tajiri mwenye pikapu na tela, alikuwa ameshafika. Alikuwa ananukia udi, kofia imenyooka, na mkononi ameshaanza kuukunja mkanda mmoja wa buluu, haraka haraka, kama mtu anayeficha nguo ya ndani wageni wakipiga hodi.

"Nasafisha njia tu, kijana."

"Weka chini, mzee wangu. Njia haijalalamika."

Sabiri aliweka. Kisha akamgeukia Mwamvua, akanyanyua kidole kuelekea Godlisten.

"Inspekta, andika. Mimi nilinunua mikanda mipya minne, ya rangi ya chungwa, yenye lebo. Minne! Huyu ameiuza, akanifungia matambara. Mtu wa kuja huyu. Nimemlisha miaka sita."

"Ni kweli, Godlisten?"

"Kweli. Niliuza."

"Kwa nani?"

"Mtu tu. Simjui."

"Wapi?"

"Sokoni."

"Soko lipi?"

"La samaki."

"Uliuza mikanda ya tela soko la samaki."

"Ndiyo, afande."

Yona aligeuka upande kukohoa.

Lakini halikuwa jambo la kucheka. Miraji akifa, Godlisten anakwenda mahakamani kwa kifo. Akipona, ni wizi wa mali ya mwajiri na kumjeruhi mtu kwa uzembe. Kwa njia yoyote mke wake Ritha angebaki na watoto wawili na chumba cha kupanga Mabawa, na tajiri angeajiri dereva mwingine kabla ya Ijumaa. Mwamvua aliyaona yote hayo, na aliona pia kwamba yule aliyeinyoosha mikono hakuwa akiyaogopa. Alikuwa akiogopa kitu kingine.

*

Kituoni walitandaza vielelezo mezani.

Mikanda ya nyuma ilikuwa mizima: miwili, rangi ya chungwa, mipya, lebo zikisomeka. Mikanda ya mbele ilikuwa miwili ya buluu, mikongwe, kingo zimetoa nyuzi kama ndevu, na lebo haina hata mmoja.

"Tajiri anasema imeuzwa minne," Mwamvua alisema. "Mbona miwili hii hapa?"

"Mwizi mwenye haya, afande. Kaiba nusu."

"Na hii lebo?"

Yona aliinama na lenzi. Chini ya mshono, pale lebo inaposhonewa, kilikuwa kimebaki kipande chembamba cheupe, upana wa ukucha. "Haikuchanika. Imekatwa kwa mkasi. Imenyooka kabisa."

Lakini si lebo iliyomshika Mwamvua. Ilikuwa rangi. Mkanda haukuwa umepauka wote. Ulikuwa na vipande: kiganja kimoja buluu iliyokoza, kiganja kimoja kimepauka majivu, tena buluu, tena majivu, hivyo hivyo toka mwanzo mpaka mwisho. Na pale rangi ilipobadilika palikuwa na mkunjo ambao haukukubali kunyooka hata ukipigwa pasi.

"Jua limeula mkanda huu kwa mapumziko?" Yona aliuliza.

Mwamvua alikuwa amekwenda mbali.

Baba yake alikuwa mtu wa mkonge. Alisimama korona, kwenye mashine ya kusaga majani na kutoa katani, miaka kumi na minne. Mkanda wa mashine ulipochakaa, mnyapara alisema utavuka msimu. Haukuvuka msimu, ulivuka kiwiko cha baba. Alirudi nyumbani na mkono mmoja na blanketi la kampuni, la pole. Mwamvua alikuwa na miaka saba. Blanketi lile alilikumbuka mpaka leo: la kijivu, mstari mwekundu, na tundu la sigara pembeni. Hata pole yao ilikuwa imeshatumika.

Baada ya hapo baba alipata riziki kwa kuwamba vitanda. Alivuta kamba kwa mkono mmoja, na mtoto Mwamvua alishikilia kwa miwili. Juu, chini. Juu, chini. Ukiwamba kitanda, kila kamba inapita juu ya mwenzake kisha chini ya mwenzake. Sehemu ya juu inaliona jua. Ya chini imejificha.

"Yona," alisema. "Mkanda huu haukuwa kwenye gari. Ulikuwa umelaliwa."

*

Alimtoa Godlisten mahabusu akamkalisha mbele ya chai. Hakumuuliza habari za ajali.

"Hebu nifundishe," alisema. "Mimi nataka kununua mikanda ya kufungia gari kwenye tela. Nachaguaje?"

Godlisten alimtazama kwa mashaka. Lakini mtu anayeipenda kazi yake ni kama mama wa mtoto mchanga: ukimuuliza habari za mtoto, hawezi kunyamaza.

"Kwanza lebo, afande. Lebo inakuambia mkanda unastahimili uzito gani. Gari lako tani moja na nusu? Usinunue mkanda unaoishia hapo hapo. Barabara ina mashimo, gari likiruka linakuwa zito mara mbili. Na upana. Vile vyembamba ni vya kufungia pikipiki na magodoro."

"Lebo ikitoka?"

"Basi huo mkanda hauna jina. Usiupe gari."

"Nitajuaje umechoka?"

"Upitishe mkononi taratibu, pande zote mbili. Ukikuta nyuzi zimekatika, umechoka. Umekuwa mgumu kama ngozi kavu, jua limeumaliza. Umepauka, wasiwasi. Kulabu imefunguka mdomo, tupa. Na usiufunge fundo, afande, wallahi! Fundo ni kisu."

"Unaapa kwa wallahi, Godlisten?"

Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Nimelelewa vibaya. Mama yake Miraji, Bi Khadija. Nilifika Tanga sina hata pa kulala. Miezi minane nilikula kwake. Jumapili ananiamsha yeye: 'Amka, kafiri wangu, utachelewa kanisani.'"

"Na mkanda uliochoka unafanywa nini?"

"Unakatwa. Vipande vipande, siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Mkanda uliokufa usipouzika, utarudi."

"Basi wewe mwenye maneno hayo, ulifungaje huu?"

Tabasamu lilikufa. Godlisten aliangalia chai.

"Nani hufunga mbele ya tela, dereva au utingo?"

"Mimi nilifunga."

"Sijauliza wewe ulifunga. Nimeuliza nani hufunga."

Yona, aliyeegemea mlango, alifungua daftari lake. "Nimepita Mabawa kwenye maegesho yao, afande. Wenye matela wote wanasema neno moja. Utingo hufunga mbele, dereva hufunga nyuma. Kisha wanabadilishana, kila mmoja anakagua kazi ya mwenzake kwa mkono. Ndipo gari linaondoka."

"Kwa hiyo mbele alifunga Miraji. Na wewe ulimkagua?"

Yale mabega ya kujaza mlango yalianza kutikisika.

"Sikumkagua, afande. Hilo ni langu kweli, liandike. Miaka sita sijawahi kumkagua Miraji. Najua sheria. Lakini nimkague yule? Nimelala naye mkeka mmoja! Ningepitisha mkono kwenye mkanda wake, angesema, 'Kaka, huniamini?' Nikaona haya. Nikapanda nikawasha gari. Kwa haya tu."

"Mikanda ya buluu uliitambua lini?"

"Sikuitambua."

"Godlisten."

"Afande, nimeshakiri. Mtu akikiri si anafungwa? Kwani sheria imebadilika?"

*

Nyumba ya Bi Khadija Nguvumali ilikuwa na ua wa makuti, kuku watatu, na kitanda kimoja cha mbao uani, juani, kimetandikwa mkeka mpya. Juu ya mkeka alikaa mwenyewe, mwanamke wa miaka sabini na ushei, mkongojo kando, tasbihi mkononi. Tangu aanguke mwaka jana, nyonga ilikuwa haitaki kumbeba; alishinda pale uani kuota jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyie ndio polisi? Karibuni. Wanangu wote wawili mmenichukulia, mmoja hospitali, mmoja rumande. Kuku hawa mtawaacha?"

"Kuku hawana kesi, mama," Yona alisema.

"Bado. Huyo jogoo ungemjua." Aligonga kitanda kwa kiganja. "Kaa hapa, binti yangu. Unaonekana umechoka."

Mwamvua alikaa. Na alipokaa alijua. Kitanda kilikuwa kimekazwa kuliko kamba yoyote inavyoweza kukaza. Aliteremsha mkono pembeni, akanyanyua ncha ya mkeka. Kuelekea kichwani palikuwa na mikanda ya buluu, imepauka mraba kwa mraba. Katikati, pale panapokaa kiuno cha mtu, ilikuwapo mipya, rangi ya chungwa, inang'aa.

Alishusha mkeka. Chini ya kikongwe huyu ulikuwapo uhuru wa Godlisten. Kuutoa pale ni kumwambia mama kilichomvunja mwanawe.

"Kitanda kizuri, mama. Nani kawamba?"

"Wanangu. Sikukuu ya Idi, Godlisten anavuta huku, Miraji kule, wanagombana kama mbuzi. Mikanda alinipa Bwana Sabiri. Zawadi! Baada ya swala, mbele ya watu wote. Minne. Nikamnyanyulia mikono, nikamwombea, jumuiya nzima ikaitikia amina. Mpaka leo kila alfajiri namwombea." Alijisogeza kitandani. "Ila si laini. Ile migumu ya kati ilinichubua mgongo mpaka damu. Sikutaka kusema. Mtu hatukani zawadi."

"Lakini ulisema."

"Sikusema. Miraji aliona damu kwenye shuka. Juzi akaja na hii ya rangi ya embe, akatoa ile miwili, akakiwamba upya. 'Mama, ya siku tatu tu, mpaka Ijumaa nikupatie kamba ya katani.' Nikamwambia, mwanangu, mkoa wa mkonge huu, meli ngapi zimeondoka hapa na katani, na mimi nakosa kamba ya kitanda?" Alicheka. Kisha kicheko kikakatika, na mkono wake, polepole, ukashuka pembeni ya kitanda mpaka kwenye ule mkanda mpya. Macho yake yakapanda kwa Mwamvua.

"Gari lilianguka kwa sababu gani, binti yangu?"

Mwamvua alikuwa na majibu mengi ya kiofisi. Aliyaacha.

"Mikanda ya mbele ilikatika, mama."

"Ya rangi gani?"

"Buluu."

Bi Khadija hakulia. Alivuta kanga akajifunika kichwa, kuku wakidonoa miguuni pake. "Mguu wa mwanangu," alisema mwishowe, "kwa mgongo wangu." Kisha: "Nenda zako leo, mwanangu. Nipe mpaka asubuhi. Sikimbii, kwa nyonga hii nikimbilie wapi?"

Kwa kanuni, kielelezo huchukuliwa pale pale. Mwamvua alimtazama Yona. Yona alikuwa anamtazama jogoo.

"Piga picha tu," Mwamvua alimwambia. "Kila upande. Tutarudi asubuhi."

*

Hawakuhitaji kurudi. Saa mbili asubuhi bajaji ilisimama mbele ya kituo, na Bi Khadija akashuka kwa mkongojo, furushi la kanga kifuani. Kwenye kaunta alilifungua. Mikanda miwili ya rangi ya chungwa, na miwili ya buluu iliyokuwa imebaki.

"Mwizi ni mimi," alimwambia askari wa zamu. "Niliagiza mimi. Andika. Khadija binti Shomari, mjane, Nguvumali. Godlisten mtoeni."

Kutoka mahabusu ikaja ngurumo. "Mama! Nyamaza, mama! Usiandike chochote, afande, mama ana homa!"

"Homa anayo shetani wako! Nani kakutuma useme uongo? Mtu wa kanisani wewe!"

"Nimeiuza mimi sokoni!"

"Soko gani?"

"La samaki!"

"Mjinga huyu. Hajui hata kudanganya, Mungu amhifadhi."

Simu ya Yona ikalia. Alisikiliza, akaipokea habari kwa uso wa mtu aliyemwagiwa maji. "Hospitali, afande. Miraji kaamka. Muuguzi anasema hajaomba maji wala dawa. Kasema, 'Mikanda nimechukua mimi. Godlisten hajui kitu.' Kisha akauliza mama kalala wapi."

Mwamvua alikaa kwenye benchi la wageni. Miaka ishirini na miwili alikuwa amewaona ndugu wakisukumiana makosa, mume akimtupia mke, tajiri akimtupia mtumishi. Wezi wanaogombea wizi mmoja, na kila mmoja anautaka wote, hakuwahi.

Wakaandika maelezo ya onyo, moja moja. Ukweli ulikuwa mwepesi. Miraji alichukua mipya miwili kwa mgongo wa mama, akalifidia tela kwa miwili ya kitandani, akidhani Mabawa mpaka Raskazone ni karibu. Godlisten aliitambua mikanda pale chini, damu ya nduguye ikiwa bado mbichi, kwa sababu aliiwamba kwa mkono wake. Akaona haraka mbele yake: wakijua ni Miraji, watakwenda kwa mama. Akanyoosha mikono.

"Basi kesi imekwisha, afande," Yona alisema.

"Haijakwisha. Hawa wote wamekiri walivyoihamisha. Sijamsikia hata mmoja akikiri alivyoifufua." Aliinua kile kipande cheupe chini ya mshono. "Godlisten amesema mkanda uliokufa hukatwa. Nani aliunusuru huu?"

*

Jibu lilikuwa hatua thelathini kutoka ofisini kwake, katika kabati la mkaguzi wa magari. Kabla ya Ramadhani, tela la Bwana Sabiri lilikaguliwa. Mkaguzi aliandika kwa kalamu nyekundu: mikanda minne ya buluu haifai, iteketezwe. Wiki moja baadaye Sabiri alirudisha fomu, imesainiwa, na uthibitisho umebanwa kwa pini.

Mwamvua alipoona uthibitisho ule, aliichukua fomu nzima.

Sabiri aliingia chumba cha mahojiano akiangalia saa.

"Nimekuja kuchukua pikapu yangu. Mwizi si amekiri?"

"Wamekiri watatu, Bwana Sabiri. Nina wezi wengi kuliko mali. Keti unisaidie. Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Isome juu yake."

"'Mikanda minne imekatwa na kuteketezwa.'"

"Ulikata?"

"Nilikata. Lebo si hizo hapo? Hesabu. Nne."

"Ulikata lebo."

Sabiri aliangalia tena saa.

"Nimekuuliza. Ulikata mikanda, au ulikata lebo?"

"Lebo ndiyo mkanda, afande. Kiofisi."

Mwamvua alitoa mkanda uliomvunja Miraji, akaulaza mezani. Akachukua lebo moja kwenye fomu, akaisogeza mpaka kwenye kile kipande chini ya mshono. Haikulingana. Akachukua ya pili. Nusu ya namba nane ikakutana na nusu yake. Mkato ukafunga kama mlango.

"Soma tena fomu yako," alisema.

Sabiri hakusoma. Alivua kofia, akaiweka magotini, akaonekana ghafla ni mzee.

"Ilikuwa mizima," alisema. "Kwa macho ilikuwa mizima. Mimi nimekulia shida, afande. Kukata kitu kizima siwezi."

"Uliambiwa kimekufa."

"Kwa gari! Kwa kitanda kina ubaya gani? Nikaona Idi inakuja. Yule mama analalia kamba zilizolegea. Nikasema, nimpe."

"Kwa nini hukumpa kamba mpya ya katani?"

"Mpya?" Alishangaa kweli, kama aliyeambiwa atoe jino. Na katika neno lile moja Mwamvua aliliona blanketi la kijivu, mstari mwekundu, tundu la sigara pembeni. Ngumi yake ilijifunga chini ya meza. Akaifungua, kidole kwa kidole.

"Ulimwambia imekataliwa?"

"Ningemwambiaje? Zawadi ingekuwa si zawadi." Sauti yake ikashuka. "Nilitaka waniombee, inspekta. Wanaonijua wote wananiomba. Hajawahi mmoja kuniombea. Siku ile yule mama alininyanyulia mikono, watu mia wakasema amina. Nilirudi nyumbani nikalia. Nilipouona mkanda Raskazone, niliujua. Nikasema nikiukunja tu, nikauweka garini, hatajua kamwe kwamba alichoniombea dua kilikuwa taka."

"Na Godlisten?"

"Godlisten..." Alitazama kofia yake. "Mtu wa kuja. Nilidhani hana mtu."

Mwamvua aliinuka akafungua mlango. Kwenye benchi la ukumbini, Godlisten alikuwa amekaa, ametolewa mahabusu. Bi Khadija kando yake alikuwa akimmenyea chungwa, akimtia vipande kiganjani, akimgombeza kwa kila kipande.

"Mtazame vizuri," Mwamvua alisema. "Huyo ndiye asiye na mtu."

Bi Khadija alinyanyua uso, akamwona Sabiri. Alijua, alikuwa ameshaelezwa.

"Dua zangu sizirudishi," alisema. "Unazihitaji kuliko nilivyodhani. Ila mikanda yako hii, leo waikate, nami niko hapa nikiona."

Haikukatwa siku ile, ilikuwa vielelezo. Ilikatwa baada ya kesi, vipande vipande uani kituoni, Sabiri mwenyewe akishika mkasi kwa amri ya mahakama, baada ya kupatikana na hatia ya kutoa taarifa za uongo na ya uzembe uliomjeruhi mtu. Gharama za mguu wa Miraji zilimwangukia. Miraji alipewa onyo kwa ile mikanda miwili. Hakimu alisema mguu umeshahukumu. Godlisten alilipa faini kwa kutokukagua, na hakuiombea msamaha.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ya siku ile ya chungwa palikuwa na jambo la haraka zaidi: Nguvumali palikuwa na fremu ya kitanda, tupu, na mwenye kitanda hana pa kulala.

Mwamvua alipita kwa baba yake akachukua roli la kamba ya katani. Mzee alimpa bila kuuliza ya nani. Alisema tu ailoweshe kwanza, ikikauka itajikaza yenyewe. Alipofika, Godlisten alikuwa amepiga magoti uani. Inspekta alivua kofia, akakunja mikono ya shati la serikali, akashika upande wa pili.

Juu, chini. Juu, chini. Bi Khadija aliwasimamia kwa mkongojo, akiwaambia wote wawili kwamba hawajui kitu.

Fundo la mwisho lilipofungwa, Godlisten alisimama, akajifuta jasho. Akazunguka kitanda polepole mpaka upande wa Mwamvua. Akasita, macho chini, yale haya ya zamani yamempanda mpaka masikioni.

"Samahani, afande," alisema. "Nakukagua."

"Kagua."

Akainama, akapitisha mkono kwenye kila kamba, moja moja. Ya tisa akaivuta ikaja.

"Imelegea hii."

"Fungua," Mwamvua alisema, "tuanze hapo."